Fundi Aliye Nyuma ya Kioo



Mwaka 1946 walizaliwa watoto wawili. Mmoja alizaliwa Unguja, akaitwa Farrokh Bulsara. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwingine alizaliwa London, akaitwa Roy Thomas Baker. Wa kwanza kila mtu anamjua, na sisi huku twajivuna kuwa ni wetu. Wa pili alifariki dunia Aprili 2025, na wengi hawakushtuka, kwani hawakupata kumsikia.

Baker alikuwa mtayarishaji wa rekodi. Alianza kazi angali kijana mdogo katika kampuni ya Decca, akajifunzia huko ufundi wa kunasa sauti. Mwaka 1975 yeye na kundi la Queen walirekodi "Bohemian Rhapsody". Ile sehemu inayosikika kama kwaya kubwa ya opera iliimbwa na watu watatu tu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. Kanda yao ilikuwa na njia 24 za sauti. Zilipojaa, sauti zilikusanywa katika njia chache, kisha wakaimba tena juu yake. Sehemu hiyo peke yake ilichukua kama wiki tatu. Kanda ilipita kwenye mashine mara nyingi hata ikachujuka, ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Wimbo huo wa karibu dakika 6 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9.

Mercury ndiye aliyeutunga, na sifa hiyo ni yake. Lakini bila mtu wa kukaa nyuma ya kioo, akasikiliza na kurudia usiku kucha, ungebaki kichwani mwake.

Msikilizaji, nikitoa kabatini kanda ya zamani ya muziki wetu wa dansi, juu ya ganda nasoma jina la bendi na la wimbo. Jina la fundi mitambo aliyepanga vipaza sauti, akamsogeza mpiga tarumbeta nyuma na mwimbaji mbele, silioni. Nami nina kosa: nimezipiga kanda hizo hewani miaka mingi bila kuuliza. Mafundi wale wamezeeka, wengine wametangulia mbele ya haki. Walio hai tuwaulize sasa, tuandike majina yao juu ya ganda.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Tusivishe kile kinachoonekana tu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.