Mtoto Mchanga Anapocheua Maziwa: Wakati wa Kutulia na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

(Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi, yaliyotayarishwa kwa kliniki za mama na mtoto na mabaraza ya wananchi)



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana karibu katika kila nyumba yenye mtoto mchanga. Mtoto amenyonya vizuri, amebebwa begani, na ghafla maziwa yanamwagika kwenye leso ya mama. Hapo kila mtu ana neno lake. Jirani anasema maziwa ya mama ni mepesi. Nyanya anashuku kimeo. Mwingine anataja jicho baya. Mama aliyejifungua juzi, na ambaye hajapata usingizi wa kutosha, anaanza kuamini kwamba maziwa yake yana kasoro.

Mara nyingi hakuna kasoro yoyote, si kwa mama wala kwa mtoto. Lakini zipo nyakati chache ambapo kutapika kwa mtoto mchanga ni dalili ya hatari kubwa. Mzazi anayejua kutofautisha hali hizi mbili humwepusha mtoto na dawa asizohitaji, na pia humfikisha hospitalini kabla mambo hayajaharibika.

KWA NINI MTOTO HUCHEUA

Mwisho wa njia ya chakula, pale inapoingia tumboni, kuna misuli inayojifunga ili chakula kisirudi juu. Kwa mtoto mchanga misuli hiyo bado haijakomaa. Tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Ndiyo maana maziwa hurudi kwa urahisi.

Watoto wanne au zaidi kati ya kila 10 hucheua. Kwa kawaida hali hii huanza kabla ya mtoto kufikisha wiki 8. Inaweza kuongezeka kwa muda, kisha hupungua mtoto anapoanza kuketi na kula vyakula vingine. Watoto tisa kati ya 10 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

KIPIMO NI MTOTO, SI LESO

Maziwa kidogo yakimwagika kwenye kitambaa huonekana mengi kuliko yalivyo. Kwa hiyo mzazi asipime kwa ukubwa wa doa. Amtazame mtoto mwenyewe. Je, ananyonya kwa hamu? Baada ya siku ya tano tangu kuzaliwa, analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku? Akishacheua anatulia? Na zaidi ya yote, je, uzani wake unapanda?

Jibu la swali hilo la mwisho limo katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Mtoto hupungua uzani kidogo siku za kwanza, lakini anapofika wiki 2 anatarajiwa kuwa amerudia uzani wa kuzaliwa. Baada ya hapo, katika miezi ya mwanzo, anapaswa kuongeza angalau gramu 500 kwa mwezi. Mtoto anayecheua huku mstari wa uzani wake ukipanda hahitaji dawa. Hii ndiyo sababu ya kutokosa kliniki, hata siku ambayo hakuna chanjo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, mama aendelee kunyonyesha. Maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi 6. Mtoto ashike titi vizuri: mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya duara jeusi iingie mdomoni. Akishika chuchu tu humeza hewa nyingi, na hewa hiyo ikitoka hubeba maziwa.

Pili, anyonye kila anapotaka, asilazimishwe anapogeuza uso. Anayepewa maziwa ya kopo kwa ushauri wa mhudumu wa afya apewe kidogo kidogo mara nyingi, na maziwa yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo.

Tatu, asaidiwe kutoa hewa katikati na mwisho wa kunyonya. Abebwe wima begani, kichwa kikiwa kimeshikiliwa, na apapaswe mgongoni polepole. Kisha aendelee kubebwa wima kwa dakika 20 hadi 30. Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya, kwani kumkunja miguu tumbo likiwa limejaa husukuma maziwa juu.

Nne, alazwe chali, mahali tambarare pasipo mito, hata kama anacheua. Wengi huogopa kwamba atapaliwa. Lakini kumlaza kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na mtoto mwenye afya anayelala chali huweza kumeza au kukohoa maziwa yaliyorudi.

MAMBO YA KUEPUKA

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe uji wala maji ili "maziwa yatulie". Asipewe dawa za gesi za dukani wala dawa za mitishamba. Dawa za kupunguza asidi tumboni zitolewe tu na daktari au afisa wa kliniki aliyempima mtoto.

Kukata kimeo hakutibu kutapika. Kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki pia hakutibu. Kinachong'olewa pale ni chipukizi za meno halisi ya mtoto. Matendo haya huleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, na watoto wamepoteza maisha kwa sababu yake. Akina nyanya wanaheshimiwa nyumbani, na neno lao hapa lina uzito kuliko bango lolote.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Mtoto apelekwe kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja tarehe ya kliniki ikiwa haongezeki uzani, analia na kujipinda mgongo kila anaponyonya, anakataa kunyonya mara kwa mara, au anapaliwa na kukohoa sana.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Hapa hakuna kungoja asubuhi. Apelekwe mara moja ikiwa:

- anatapika matapishi ya kijani, kwani utumbo unaweza kuwa umeziba au umejisokota;
- anatapika kwa nguvu hadi matapishi yanaruka mbali, tena na tena. Hali hii ikianza kati ya wiki ya 2 na ya 8, na mtoto akabaki na njaa, huenda mlango wa kutokea tumboni umebana, na tiba yake ni upasuaji;
- kuna damu katika matapishi au kinyesi;
- tumbo limevimba na kuwa gumu;
- joto la mwili limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili ni baridi;
- hawezi kunyonya, amelegea, anashtuka kwa degedege, au anapumua kwa shida;
- utosi umebonyea na nepi inabaki kavu kwa saa nyingi.

Njiani mtoto afunikwe vizuri na awekwe kifuani pa mama ili apate joto. Familia ibebe kijitabu cha kliniki na kitambaa chenye matapishi. Rangi iliyo kwenye kitambaa humsaidia daktari kuamua haraka.

JUKUMU LA FAMILIA

Mzigo huu si wa mama peke yake. Baba anaweza kumbeba mtoto wima baada ya kunyonya usiku ili mama alale. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa wiki 2 za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa. Wiki hizo zitumike nyumbani.

Kila familia imjue mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake na iwe na nambari yake ya simu. Ijue pia nani mwenye gari au bodaboda anayeweza kuitwa usiku, na ijisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Dharura ya mtoto wa wiki 3 haiwapi wazazi muda wa kutafuta karatasi.

Mama anayebadilisha leso mara tano kwa siku huku mtoto wake akinenepa anafanya kazi nzuri na aambiwe hivyo. Na mama anayebisha mlango wa jirani usiku kwa sababu mtoto ametapika kijani asiambiwe angoje kukuche. Asindikizwe.

Maswali yaulizwe kwa muuguzi wa kliniki. Hakuna swali dogo panapohusika afya ya mtoto mchanga.