Mshale Usio na Kwao: Vekta Ndani ya Programu za Jiometri



Tuanze na ramani ya kwetu Mara. Chukueni Butiama iwe pale mihimili miwili inapokatana, kisha mpime kilomita kwa mstari ulionyooka, siyo kwa barabara. Musoma iko takriban kilomita 19 magharibi na 30 kaskazini. Bunda iko kama 11 magharibi na 29 kusini. Basi Musoma kwenda Butiama ni (19, −30), tuiite u. Butiama kwenda Bunda ni (−11, −29), tuiite v. Ukijumlisha unapata (8, −59), yaani Musoma hadi Bunda moja kwa moja. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaimaliza hesabu hii kwa kalamu.

Sasa aifanye kwa GeoGebra, programu ya jiometri ambayo mtu anaweza kujifunzia bila malipo, hata kwenye simu. Anaweka nukta tatu, anachora u na v, na kila mshale unakaa mahali pake. Anaandika u + v, akitazamia mshale utoke Musoma ukaishie Bunda. Hapana. Mshale unaanzia Butiama na kuishia kilomita 19 mashariki na 30 kusini ya Bunda, mahali ambapo abiria wa Bunda hakukusudia kushuka. Darasa litasema simu imekosea. Lakini ukizitazama namba, ni zilezile 8 na −59. Na tazameni tena umbali uliopitilizwa: 19 na −30. Hiyo ni u yenyewe! Mshale mzima umesogezwa kwa u, kutoka Musoma hadi Butiama, bila kupinda wala kupungua.

Programu haijakosea. Vekta ni ukubwa na mwelekeo. Mahali si sehemu yake. Katika miaka ya 1830 Mwitalia Giusto Bellavitis alijenga hesabu yake yote juu ya wazo hili: vipande vya mistari vyenye urefu mmoja, vilivyo sambamba na vinavyoelekea upande mmoja, vihesabiwe kuwa sawa, popote vilipo. Programu inahifadhi jozi ya namba, lakini haiwezi kuionyesha mpaka iichore mahali fulani. Vekta iliyotokana na nukta mbili huchorwa kati ya nukta hizo. Jumla haikupewa nukta yoyote, kwa hiyo huwekwa pale mihimili inapokatana.

Watunzi wa programu za jiometri hawakukubaliana kuhusu jambo hili. Geometer's Sketchpad, iliyotoka Marekani mwaka 1991, haikuifanya vekta kuwa kitu cha kuchorwa. Unatia alama nukta mbili, kisha unaamuru umbo lihamishwe. Cabri ya Wafaransa iliichora, na ukitaka jumla ya vekta mbili inakutaka kwanza uonyeshe nukta ya kuanzia. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg mwanzoni mwa miaka ya 2000, haiulizi kitu. (Hata nukta na vekta inazitenga kwa herufi tu: A = (2, 3) ni nukta, a = (2, 3) ni vekta. Kidole kikiteleza, umepata kitu kingine.) Mimi kwa kufundishia naipenda Cabri, kwa sababu swali lile moja linamlazimisha mwanafunzi kukiri kwamba mahali anapachagua yeye.

Najua mwalimu mjanja atafanyaje: ataweka makutano ya mihimili Musoma. Jumla itaangukia Bunda barabara, watoto watapiga makofi, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na swali. Nawasihi msifanye hivyo. Waacheni wauone mshale uliopotea. Kisha watumie amri ya kuhamisha, waipe vekta na nukta ya Musoma, halafu waiulize programu kama mshale uliopotea na huu uliohamishwa ni sawa. Itajibu kwamba ni sawa.

Wala vekta haikumbuki njia. Julius Nyerere alipotoka Butiama mwaka 1934 kuanza shule Mwisenge, Musoma, safari yake katika hesabu yetu ni −u, kama kilomita 36 kwa mstari ulionyooka. Miguu ilihesabu zaidi.

Lakini wenzangu wa fizikia wananitazama, na wana haki. Nendeni mwalo wa Mwigobero, msukume mtumbwi unaoelea, ubavuni. Ukiusukuma karibu na omo, unageukia huku; kwa nguvu ileile na mwelekeo uleule karibu na tezi, unageukia kule. Jozi ya namba ni moja, matokeo mawili. Kani ina mahali inaposhika, na jozi ya namba peke yake haipabebi. Kwa hiyo anayefundisha kani kwa GeoGebra atengeneze vitu viwili kila mara: vekta kwa herufi ndogo, na nukta inaposhika kani kwa herufi kubwa, na wanafunzi waruhusiwe kuiburuta nukta hiyo kutoka omo hadi tezi.