Kuongeza RAM kwenye Seva: Mpangilio, Ufungaji na Uhakiki katika Mazingira ya Mwanza

RAM ya seva inatofautiana na ya kompyuta ya mezani kwa mambo mawili. Kwanza, inalindwa dhidi ya makosa yake yenyewe: kwa kila biti 64 za data kwa kawaida hubeba biti 8 za ziada, na kwa hizo mfumo husahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Huu ndio utaratibu unaoitwa ECC. Pili, utendaji wake hutegemea sana sloti ilipochomekwa. Jambo la kwanza wengi wanalifahamu. La pili ndilo linalokula fedha za taasisi kimyakimya, kwa kuwa seva iliyopangwa vibaya haigomi. Inawaka, mfumo unafunguka, ujazo unasomeka kamili, na kazi inaendelea kwa kasi iliyo chini ya ile iliyolipiwa. Kwa sababu hiyo mada hii inakaa zaidi kwenye mpangilio kuliko kwenye tendo la kuchomeka, ambalo lenyewe ni la dakika chache.

Kusoma lebo kabla ya kuagiza

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Moduli isiyo sahihi ikifika kwa basi, kuirudisha na kusubiri nyingine ni siku kadhaa, na muuzaji wa vifaa vya mtumba anaweza kukataa kuipokea. Kazi basi huanzia kwenye lebo ya moduli zilizomo. Lebo ya kawaida husomeka hivi: 16GB 2Rx8 PC4-2666V-R. Sehemu ya kwanza ni ujazo. 2R ni idadi ya ranki, yaani makundi ya chipu yanayosomwa kwa zamu, na x8 ni upana wa kila chipu kwa biti. PC4 ni kizazi cha DDR4, na 2666 ni kasi ya juu, uhamisho milioni 2,666 kwa sekunde.

Herufi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye uamuzi. R ni RDIMM, moduli yenye chipu ya rejista inayopokea amri kutoka kwenye prosesa kabla ya kuzigawa kwa chipu nyingine. L ni LRDIMM, ambayo hupitisha hata data kwenye chipu za kati, na hivyo kuruhusu ujazo mkubwa zaidi kwa kila sloti. E na U hazina rejista. E ina ECC, U haina. Aina hizi hazichanganywi ndani ya seva moja. Ukichanganya RDIMM na LRDIMM, seva ama haitawaka ama itazikataa baadhi ya moduli. Chipu za x4 na x8 ni suala la mtengenezaji: wapo wanaoruhusu zikae pamoja na wapo wanaokataza, na jibu limo kwenye kitabu cha seva husika.

Vizazi navyo havichanganyiki. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, na DDR5 ina pini 288 pia lakini kwa volti 1.1. Pengo la chini ya moduli limewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi, kwa makusudi. Moduli ikikataa kukaa kwenye sloti, shida si nguvu ya mkono.

Kuhusu kasi, moduli zote hushuka hadi kwenye ile ya chini kabisa, kisha zote huzuiwa na kikomo cha prosesa. Kununua moduli za 3200 kwa prosesa inayoishia 2666 ni kulipia kasi isiyotumika, ingawa hakuna madhara ikiwa bei ni ileile.

Taarifa hizi zote hupatikana bila kufungua boksi. Kwenye Linux, amri ya dmidecode -t memory huorodhesha kila sloti, kilichomo, namba ya bidhaa na kasi inayotumika. Kwenye seva za Dell ukurasa wa iDRAC huonyesha hayohayo, na kwenye za HPE ni iLO. Orodha hiyo ichapishwe na iambatishwe kwenye ombi la manunuzi. Afisa ugavi anayeandikiwa "RAM 16GB" tu ataleta RAM ya 16GB, na hatakuwa amekosea.

Chaneli, na kwa nini 192 si sawa na 192

Prosesa huwasiliana na RAM kupitia njia zinazojitegemea ziitwazo chaneli. Intel Xeon E5 nyingi zina chaneli 4 kwa kila prosesa. Xeon Scalable za kizazi cha kwanza na cha pili zina 6, nyingi za kizazi cha tatu zina 8, na AMD EPYC za mfululizo wa 9004 zina 12. Chaneli isiyo na moduli ni njia iliyofungwa.

Ichukuliwe seva yenye prosesa mbili za Xeon Scalable za kizazi cha kwanza, chaneli 6 na sloti 12 kwa kila prosesa. Inayo moduli 4 za 16GB, mbili kila upande, jumla 64GB. Taasisi inataka kufika 192GB. Njia moja ni kununua moduli mbili za 64GB na kuweka moja kila upande. Njia nyingine ni kununua nane za 16GB. Jumla ni ileile, 192GB, na kwenye karatasi ya manunuzi njia ya kwanza inavutia kwa kuwa inabakiza sloti nyingi wazi.

Chaneli moja ya DDR4-2666 hupitisha kinadharia gigabaiti 21.3 kwa sekunde. Kwa moduli nane mpya kila prosesa inapata moduli sita, moja kwa kila chaneli, na upana wa njia unafika gigabaiti 128 kwa sekunde. Kwa moduli mbili za 64GB, kila prosesa inatumia chaneli tatu tu, yaani gigabaiti 64. Hata hizo hazipatikani wakati wote: moduli za 16, 16 na 64 zinalingana kwenye 48GB za mwanzo tu, ambako data husambazwa kwa zamu kwenye chaneli tatu. 48GB zinazobaki zimo zote kwenye moduli moja kubwa na husomwa kupitia chaneli moja, kwa gigabaiti 21.3. Hifadhidata ikiangukia huko, mtumiaji huona mfumo "umekuwa mzito" baada ya kuongezwa RAM, na lawama hupelekwa kwenye mtandao. Isitoshe, moduli nyingi za 64GB za kizazi hicho ni LRDIMM, ambazo hazingekubaliana na RDIMM zilizomo.

Kanuni inayotokana na mfano huo ni kwamba chaneli zote zijazwe kwa moduli zinazofanana kabla ya chaneli yoyote kupewa moduli ya pili, na pande mbili zilingane. Watengenezaji huonyesha utaratibu kwenye bodi yenyewe. Kwenye Dell PowerEdge R740, sloti za kujazwa kwanza, A1 hadi A6 na B1 hadi B6, zina vibano vyeupe. Za pili zina vyeusi. Sloti za upande wa prosesa ya pili hazifanyi kazi kama prosesa hiyo haipo, jambo linalowapotezea muda walionunua seva ya mtumba yenye prosesa moja.

Kufungua na kufunga

Seva huzimwa kutoka kwenye mfumo, kisha nyaya zote za umeme huchomolewa. Seva nyingi zina pawa saplai mbili, na kuchomoa moja ni sawa na kutochomoa. Kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

Umeme tuli ndio adui asiyeonekana hapa. Binadamu huanza kuhisi mshtuko wake kwenye volti 3,000 hivi, ilhali chipu huweza kuumia kwa volti mia chache au pungufu. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ya Mwanza ikiwa kavu, hatari huongezeka. Mkanda wa mkononi hufungwa kwenye chuma kitupu cha boksi la seva, na lengo ni kulinganisha mwili wa fundi na boksi, wala si lazima kufika ardhini. Tofauti hiyo ina maana katika jiji la miamba: kwenye vilima kama Bugando na Capri Point udongo ni mchache juu ya granaiti, na nguzo ya ethi iliyozikwa hapo huweza kuwa na ukinzani mkubwa. Ethi ya jengo ipimwe kabla ya kuaminiwa, hasa kwa kuwa ngurumo za ziwani huja usiku na alfajiri, wakati chumba cha seva hakina mtu.

Moduli hushikwa kwa kingo. Vibano vya pande zote mbili hufunguliwa, pengo hulinganishwa, kisha moduli husukumwa kwa vidole gumba viwili, kila ncha kwa nguvu sawa, hadi vibano vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kibano kilichofungwa kwa mkono kabla ya moduli kuketi ndicho chanzo cha kawaida cha moduli "isiyoonekana".

Mafundi wengi husafisha meno ya dhahabu ya moduli kwa raba ya penseli. Raba huondoa uchafu kweli, lakini hukwangua dhahabu ambayo ni nyembamba mno na huacha chembe zinazoishia ndani ya sloti. Pombe ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi hufanya kazi hiyohiyo bila gharama hizo. Mahali ambapo madirisha hufunguliwa kuelekea ziwani kuna jambo jingine: wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi hufuata taa usiku, huvutwa na feni, na mabaki yao hukutwa kati ya moduli. Wapulizwe kwa hewa kavu kabla ya kuchomoa moduli yoyote, ili wasiingie kwenye sloti iliyo wazi. Vizibo vya plastiki kwenye sloti tupu, kama seva ilikuja navyo, hurudishwa, kwa kuwa huelekeza hewa ya kupoza.

Mipangilio na uhakiki

Baada ya mabadiliko, kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa huku seva ikijipima na moduli mpya, na DDR5 huchukua muda zaidi. Skrini nyeusi katika muda huo si dalili ya ubovu, na kuzima seva hapo ni haraka isiyo na faida.

Ndani ya BIOS kuna uamuzi mmoja wa maana. Hali ya kawaida hutoa ujazo wote na kasi yote. Hali ya kioo huandika kila data mara mbili, kwenye moduli mbili, na hivyo kubakiza nusu ya ujazo. 192GB huwa 96GB. Hali ya akiba hutenga ranki fulani zisubiri nyingine ikichoka. Kwa hospitali ambayo usajili, maabara na malipo hupita kwenye hifadhidata moja, kioo kinaweza kustahili gharama yake. Kwa seva ya faili ya ofisi, ECC na nakala rudufu vinatosha. Hakuna hali yoyote kati ya hizo inayokinga dhidi ya umeme kukatika. Hilo ni la UPS.

Uhakiki hufuata njia tatu. Ujazo husomwa kwa free -h. Mgawanyo baina ya prosesa husomwa kwa numactl --hardware, na pande mbili zinatakiwa kuwa karibu sawa. Kasi halisi husomwa tena kwa dmidecode. Kisha Memtest86+ iachwe ikimbie usiku mzima, umeme ukiwa wa UPS yenye jenereta nyuma yake.

Makosa yatakuja hata hivyo. Utafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya moduli zikipata makosa yanayosahihishika kila mwaka, na ukaona kuwa joto lina athari ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kosa moja moja kwenye kumbukumbu za matukio za seva si la kuhangaikia. Yakijirudia kwenye sloti moja, moduli hiyo hubadilishana nafasi na ya jirani. Makosa yakihama nayo, moduli ndiyo mbovu. Yakibaki palepale, sloti isafishwe, na yakiendelea, prosesa ifunguliwe na pini za soketi yake zikaguliwe kwa lenzi, kwa kuwa pini moja iliyopinda huweza kuzima chaneli nzima.