Sayari Ambayo Haikuwapo

Leo naanza kwa kuomba radhi. Mwezi Julai 2022, zilipotolewa picha za kwanza za darubini ya James Webb, nilisoma hewani kwamba mojawapo ilionyesha "sayari iliyopasuka". Muda ulikuwa mfupi, nikaliona neno sayari katika maelezo ya Kiingereza, mengine nikajimalizia mwenyewe. Baada ya wiki moja mwalimu mmoja wa fizikia akaniandikia. Hakunitukana. Aliuliza tu: hiyo sayari ilikuwa ikiitwaje?

Sayari haikuwapo. Kosa la jina lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 200. William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, aliona angani viduara vya mwanga hafifu vinavyofanana na sayari, akaviita nebula za sayari. Jina likashika. Hii iliyoniponza, Pete ya Kusini, iligunduliwa na mwanawe, John, mwaka 1835 alipokuwa huku kwetu Afrika, kule Cape. Iko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 2,000.

Ni nini basi? Ni nyota inayokufa. Nyota ya aina ya Jua letu ikimaliza kuni zake huvimba, kisha huyatupa nje matabaka yake. Kinachobaki katikati ni kiini kitupu chenye joto la nyuzi zaidi ya 100,000, na huku uso wa Jua haufiki 6,000! Kiini hicho hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo huifanya gesi iliyotupwa ing'ae, mfano wa gesi iliyomo katika zile taa za rangi za matangazo madukani. Yaani maiti ndiye anayeiangazia sanda yake.

Na hapa kuna mtego mwingine, ambao nashukuru sikuufikia. Katikati ya Pete ya Kusini mna nyota mbili. Moja inang'aa sana, na ungeapa kwamba ndiyo mwenye msiba. Siyo. Inayokufa ni ile hafifu iliyo pembeni yake, ambayo Webb iliionyesha ikiwa imegubikwa na vumbi. Ni hafifu kwa kuwa imesinyaa mno, na sehemu kubwa ya mwanga wake sisi hatuuoni.

Jua letu nalo litafika huko, baada ya miaka kama bilioni 5. Gesi hung'aa kwa makumi ya maelfu ya miaka tu, kisha hutawanyika pamoja na kaboni na naitrojeni iliyopikwa ndani ya nyota. Sehemu ya kaboni iliyomo miilini mwetu ilitoka katika nyota za namna hiyo.

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuisoma barua yake hewani. Akakataa. Alisema hataki kutajwa, anataka habari isahihishwe, maana wanafunzi wake walikuwa wameiandika daftarini. Ofisini nikaambiwa jambo limeshapita, nami nikanyamaza. Sasa nasahihisha: haikuwa sayari, na haikupasuka. Wanafunzi wa mwalimu yule, kama mnanisikia, futeni.