Fidia ya Mfanya Kazi: Hati na Wakati Wake



Wengi wetu hudhani kwamba aliyeumia kazini jeraha lake latosha kuwa dai. Sivyo. Sheria hutaka hati, na hati ina wakati wake.

Natutazame Uingereza, ambako makoloni yake mengi yalichukua mfano. Sheria yao ya mwaka 1897 ilimtaka aliyeumia ampe tajiri wake taarifa mapema iwezekanavyo, kabla hajaiacha kazi kwa hiari yake, na dai lenyewe alitoe ndani ya miezi 6. Taarifa ilitaka mambo machache: jina na makaazi yake, sababu ya kuumia kwa maneno ya kawaida, na tarehe ya ajali. Ikiwa na upungufu, dai halikuvunjika maadamu tajiri hakudhurika, au palikuwa na udhuru wa haki.

Masharti hayo ni mepesi kwa mwenye kalamu. Kwa mchukuzi asiyejua kuandika, naye yu kitandani na siku zake zinahesabiwa, ni ukuta.

Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya fidia, Namba 15 ya mwaka 1986. Twaitaka serikali iyabandike masharti ya fidia, kwa Kiswahili chepesi, kila mahali pa kazi. Nasi matawi yetu twayaagiza hivi: mwanachama akiumia, mwandikieni taarifa siku ile ile, andikeni majina ya walioshuhudia, na nakala muiweke tawini.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.