Kifundo cha Sauti cha Redio



Jioni hii nataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mwenye redio hukishika asikijue: kile kifundo kizungushwacho ili kuongeza au kupunguza sauti. Mafundi hukiita potenshiometa.

Wengi hudhani kwamba kifundo hicho huzaa sauti. Sivyo, kazi yake ni kugawa. Ndani yake mna utepe wa kaboni, uliopindwa mfano wa bangili isiyofungwa. Ncha moja hupokea umeme wa sauti, na ncha ya pili huurudisha ulikotoka. Kati yao hutambaa ulimi mdogo wa madini, nao ndio uchukuao sehemu ya umeme na kuipeleka mbele.

Mfikirini mkwezi wa mnazi. Akiwa kileleni anacho kimo chote, katikati, nusu, shinani, hana kimo. Ndivyo ulivyo ulimi huo. Utepe ulio sawasawa ukipewa volti 9, ulimi ulio katikati huchukua volti 4.5. Lakini utepe wa sauti hufanywa kwa namna nyingine, maana ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu, yapasa nguvu iongezwe yapata mara 10. Kwa hiyo, katika vifundo vingi vya sauti, nusu ya mzunguko hupitisha kama sehemu moja tu katika kumi ya volti.

Sasa niungame kosa langu. Redio ya darasa letu ilianza kukwaruza kila kifundo kilipoguswa. Nami, kwa kujiona mjuzi, nikatia mafuta ya nazi. Siku mbili ikatulia. Kisha vumbi likagandamana na mafuta, sauti ikakatika, na wanafunzi wangu wakakosa masomo ya redio juma zima kabla ya mtihani. Hawakunilaumu kwa vinywa, lakini macho yao niliyaona.

Fundi akanifundisha hivi: zima redio, toa betri au chomoa waya, kisha zungusha kifundo toka mwanzo hata mwisho mara 20, ili ulimi ufagie njia yake. Kisipopona, mpelekee fundi akitie dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Utepe ukiwa umelika, hauna dawa. Kibadilishwe kifundo tu, wala redio isitupwe.

Basi, kabla hatujatia mkono, na tuulize. Kwaherini.