Tathmini ya Mawe Yanayoporomoka kwenye Magenge ya Pwani: Kipimo Kinachokosekana Chini ya Ukingo

Mwenyekiti wa semina, maofisa mipango, wapimaji wenzangu,

Nimeombwa nieleze maana ya hatari na tathmini. Wengi wenu mnazifundisha dhana hizi, hivyo nitazipitia haraka: hatari ni uwezekano wa jiwe kuanguka, madhara hutegemea nani yuko chini wakati huo, na tathmini hupima yote mawili kabla ya kibali kutolewa.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja. Magenge yetu mengi, Mombasa hadi Unguja, ni mwamba wa matumbawe wa takribani miaka 125,000. Si marefu, na ufupi huo unatupumbaza. Bahari huula mwamba kwa chini, kwenye usawa wa maji: mawimbi hupiga, chokaa huyeyuka, konokono hukwangua. Juu hubaki paa linaloning'inia, huku mizizi na maji ya makaro yakipanua nyufa zake. Ufa ukishafika mbali vya kutosha, paa lote huja chini kwa mpigo.

Sasa tazameni tunavyopima. Tunalinganisha picha za anga za miaka tofauti, tunagawa badiliko la ukingo kwa miaka, tunapata wastani mdogo, na eneo linapakwa kijani kwenye ramani. Picha ya kutoka juu haioni chini ya paa! Ukingo unaweza kutulia miongo kadhaa, kisha ukarudi nyuma mita kadhaa kwa dakika moja. Nimeliandika hili ripoti baada ya ripoti, nikajibiwa kuwa mwongozo unataka wastani. Mwongozo nauheshimu, ila wastani hauwezi kumwambia mtu kama jiwe lililo juu ya kichwa chake limeshapasuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa Tanzania Bara, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuo. Ni kinga nzuri kwa majengo. Mvuvi anayeshona nyavu kivulini mwa genge haimfikii. Hatari hiyo si ya kufikirika: tarehe 21 Agosti 2009, katika ufuo wa Maria Luísa, Ureno, genge la mwamba laini liliporomokea watu waliokuwa wakipumzika, wakafa watano.

Kipimo chenyewe si ghali. Maji yakipwa wakati wa bamvua, shuka na tepu. Pima kina cha sehemu iliyoliwa, unene wa paa, na umbali wa ufa wa kwanza kutoka ukingoni. Angalia rangi: jiwe la zamani ni jeusi-kijivu, palipobanduka karibuni ni peupe. Katika hoteli moja nilikuta ufa niliokuwa nikiufuatilia umezibwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Ufa ulikuwepo bado. Alama yangu ndiyo iliyopotea.

Napendekeza kina cha chini, yaani cha sehemu iliyoliwa, kiandikwe katika kila tathmini. Wastani wa mwaka usitumike peke yake. Kuziba nyufa bila kuzisajili kukatazwe. Makaro yasogezwe mbali na ukingo. Kila halmashauri iwe na daftari la maporomoko, na mawe yaliyoanguka yapigwe picha kabla ya kuondolewa. Mabango yawekwe chini, kwenye kivuli, watu wanakokaa. Narudia: kina cha chini kiandikwe.

Kabla hamjasaini kibali kingine cha mgahawa wa ukingoni, naomba mmoja wenu ashuke na tepu maji yakipwa.